Bawaba za Kompyuta Mpakato: Kwa Nini Huvunjika na Jinsi ya Kuzitengeneza

Kompyuta mpakato ni mashine yenye sehemu chache sana zinazotembea. Tukiacha vibonye vya kibodi na feni ndogo ya kupoza joto, kitu pekee ambacho mtumiaji hukizungusha kwa mkono wake kila siku ni jozi ya bawaba ziunganishazo kifuniko chenye kioo na kitako chenye kibodi. Bawaba hizo ni vipande vidogo vya chuma vinavyoweza kufichika ndani ya kiganja cha mtoto, na thamani yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya mashine nzima. Walakini si jambo geni kukuta katika stoo ya shule kompyuta ambayo kumbukumbu yake ni nzima, kioo chake hakina dosari, na programu zake zote zafanya kazi, lakini imewekwa kando kwa sababu pembe moja ya kifuniko imepasuka na hapana mtu athubutuye kuifungua.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi bawaba inayosemwa kuwa imevunjika haikuvunjika kamwe. Kilichovunjika ni plastiki iliyoishika, nayo plastiki imevunjika kwa sababu bawaba ilikaza kupita kiasi. Fundi aunganishaye plastiki kwa gundi bila kuilegeza bawaba ametuliza homa akaiacha malaria. Baada ya wiki chache ufa utarudi palepale, na safari hii utakuwa mpana zaidi. Sababu ya jambo hili hupatikana katika somo la wenzo na momenti, ambalo wanafunzi wa sekondari hulisoma mapema.

Bawaba isiyofanana na ya mlango

Bawaba ya mlango hutakiwa kuzunguka bila upinzani. Ikilia tunaitia mafuta, ikilegea tunaikaza misumari. Bawaba ya kompyuta imeundwa kwa kusudi lililo kinyume cha hilo: hutakiwa kupinga mzunguko, tena kwa kiasi maalumu, ili kifuniko kibaki katika pembe yoyote ambayo mtumiaji amekiacha. Upinzani huo hutokana na msuguano, na ndiyo maana mafundi huiita bawaba ya msuguano.

Umbo hili la kifuniko kinachojifunga juu ya kibodi, kama kombe la chaza, lilianza kuuzwa mwaka 1982 katika mashine ya Marekani iitwayo GRiD Compass, ambayo ilisanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge. Mashine hiyo ilikuwa na ganda la aloi ya magnesi, hivyo bawaba zake zilishikwa na metali. Nyingi kati ya kompyuta za bei nafuu tulizo nazo leo zina ganda la plastiki, na tutaona baadaye kwamba badiliko hilo dogo lina matokeo makubwa.

Bawaba za msuguano ni za namna mbili kuu. Namna ya kwanza ina pini ya chuma iliyopitishwa katika rundo la washa, yaani visahani vyembamba vyenye tundu katikati. Baadhi ya washa hizo zimepindwa kidogo ili zifanye kazi ya springi, na mwishoni mwa pini kuna nati inayolibana rundo lote. Kani ya msuguano, kama tujuavyo, ni sawa na kizigeu cha msuguano mara kani ya mgandamizo. Kwa hiyo nati ikikazwa mgandamizo huongezeka, na bawaba huwa nzito. Namna ya pili haina nati. Ina ukanda wa chuma cha springi uliojikunja kuizunguka pini na kuikumbatia. Baharia anayezungusha kamba ya jahazi mara mbili tatu kwenye nguzo ya gati, kisha akalizuia kwa mkono mmoja, hutumia kanuni iyo hiyo ya ukanda kuikumbatia nguzo. Yafaa fundi ajue mapema ni namna ipi aliyo nayo, maana ile ya kwanza hurekebishika kwa spana, na ya pili hairekebishiki kwa njia hiyo.

Hesabu ya momenti

Na tuchukue mfano wa kompyuta ya ukubwa wa kawaida. Tuseme kifuniko chake pamoja na kioo kina masi ya kilo 0.6, yaani uzito wa karibu nyutoni 6, na kitovu cha uzito huo kiko sentimita 11 kutoka mhimili wa bawaba. Kifuniko kikiwa kimelala sambamba na meza, momenti ya uzito wake kuuzunguka mhimili ni nyutoni 6 mara mita 0.11, yaani nyutoni-mita 0.66. Bawaba mbili kwa pamoja hazina budi kutoa upinzani wa kiasi hicho ikiwa twataka kifuniko kisianguke katika pembe yoyote. Katika hali ya kawaida ya kusoma, kifuniko kikiwa kimeinama nyuma nyuzi 30 kutoka wima, momenti hupungua hadi nusu, kwa kuwa saini ya nyuzi 30 ni 0.5. Hapo nyutoni-mita 0.33 zatosha.

Huo ndio mpaka wa chini. Mpaka wa juu huwekwa na kitako. Ikiwa kitako kina masi ya kilo 1.4 na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 12 kutoka ukingo wa nyuma, momenti yake ni nyutoni 14 mara mita 0.12, yaani nyutoni-mita 1.68. Msuguano wa bawaba ukizidi kiasi hicho, mtu anayeinua kifuniko kwa mkono mmoja atakiinua na kitako pia. Kwa hiyo bawaba za mashine ya mfano wetu hazina budi kukaa kati ya 0.66 na 1.68. Mashine nyingine zina vipimo vingine, na mwanafunzi aweza kuvitafuta kwa mizani na rula, lakini mwendo wa hesabu ni huu huu.

Sasa tutazame kani hizi zaishia wapi. Kila bawaba ina mikono miwili ya bamba la chuma, mmoja umefungwa kwa skrubu ndani ya kifuniko na mwingine ndani ya kitako. Umbali kati ya skrubu ya mbele na ya nyuma katika mkono wa kitako mara nyingi hauzidi sentimita 2 au 3. Kidole kinachofungua kompyuta, kwa upande wake, hukaa kwenye ukingo wa juu wa kifuniko, takriban sentimita 22 kutoka mhimili. Huu ni wenzo. Sentimita 22 zikigawanywa kwa 2 tunapata 11, maana yake kani ya kidole hufika kwenye skrubu ikiwa imeongezeka mara kumi na moja.

Mtu akivuta kwa nyutoni 10, ambazo ni uzito wa chupa ya maji ya lita moja, mkono wake hauhisi kwamba umefanya jambo la nguvu. Lakini ikiwa bawaba moja imekwama na kuubeba mzigo wote peke yake, skrubu yake hung'olewa kwa nyutoni 110. Hebu msomaji afikiri juu ya ndoo ya lita 20 iliyojazwa maji kupita nusu, kisha ndoo hiyo itundikwe kwenye skrubu moja nyembamba iliyokaa ndani ya plastiki. Mtu anayefungua kompyuta kwa kushika pembe moja tu hufanya jambo kama hilo kila asubuhi, na kwa kuwa kidole hakihisi chochote, haelewi kwa nini mashine yake imepasuka "yenyewe".

Kwa nini plastiki hushindwa

Skrubu za bawaba haziingii moja kwa moja katika plastiki. Kiwandani hutengenezwa vinundu vidogo vya plastiki vilivyosimama ndani ya ganda, na ndani ya kila kinundu husukumwa, kwa joto, kinati cha shaba iliyochanganywa na zinki. Nje ya kinati huchongwa mikwaruzo ili plastiki iking'ang'anie, na ndani yake huwa na hesi, yaani ule mfereji wa mzunguko upokeao skrubu. Ufundi huu ni mzuri kwa kani ndogo. Tatizo ni kwamba kinundu chenyewe kina ukuta mwembamba sana, pengine milimita moja tu, na plastiki ni mata inayochoka.

Plastiki ikibeba mkazo kwa muda mrefu hunyumbuka polepole hata kama mkazo huo haujafikia kiasi cha kuivunja mara moja. Ikibebeshwa na kupumzishwa mara elfu kadhaa, ufa mdogo usioonekana kwa macho huanza katika mahali penye kona kali, kwa kawaida chini ya kinundu kinapokutana na ganda, na kila mzunguko huuongeza kidogo. Aidha, plastiki zitumiwazo sana katika maganda haya, hasa ile ya ABS na mchanganyiko wake na polikaboneti, hudhoofika zikiguswa na baadhi ya kemikali zikiwa chini ya mkazo. Asetoni huiyeyusha ABS. Gundi ya maji inayotumiwa na mafundi wa magari kuzuia skrubu zisilegee yaweza kuzipasua plastiki hizo, na kwa sababu hiyo haifai kamwe kutiwa kwenye skrubu za bawaba, ijapokuwa mtu angedhani kwamba hapo ndipo mahali pake hasa.

Wakati plastiki ikichoka, bawaba nayo hubadilika. Grisi iliyotiwa kiwandani hukauka au husukumwa nje, vumbi huingia, na katika hewa ya chumvi ya pwani kutu huweza kuanza. Chembe ndogo za metali hung'oka kutoka kwenye washa na kuzikwaruza nyingine. Bawaba zikichakaa sawasawa huweza kulegea, zikikwaruzana hukaza. Inayolegea ni usumbufu tu, maana kifuniko hudondoka na mtumiaji hukasirika, lakini hapana kinachovunjika. Inayokaza ndiyo ya kuogopwa.

Kwa maoni yangu lawama hapa haiwaangukii watumiaji peke yao. Msanifu anayeshikiza bawaba ya chuma kwenye kinundu cha plastiki cha milimita chache anajua hesabu tuliyoifanya hapo juu kuliko sisi, na ameamua kwamba mashine itadumu muda fulani na si zaidi. Nchini Ufaransa, kuanzia Januari 2021, wauzaji walitakiwa na sheria kuonyesha kwa kila kompyuta mpakato alama kati ya 0 na 10 inayoeleza urahisi wa kuitengeneza. Mkuu wa shule anayenunua mashine nyingi kwa pamoja aweza kufanya uchunguzi wake mwenyewe kwa kumwomba muuzaji afungue kitako cha mashine moja, ili aone bawaba zimeshikwa na bamba la metali au na plastiki tupu.

Kuchunguza kabla ya kufungua

Fundi hodari hutumia macho, masikio na vidole kabla ya bisibisi. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba ugonjwa ni wa bawaba. Betri ya lithiamu iliyovimba huinua kibodi na kuachanisha ganda kwa namna inayofanana kabisa na bawaba iliyong'oka. Tofauti ni kwamba bawaba huachanisha ganda kwenye pembe ya nyuma, na mwanya hubadilika kifuniko kinapozungushwa. Betri iliyovimba huinua ganda mahali ilipolala, mara nyingi chini ya kiganja cha mtumiaji, na mwanya haubadiliki. Kompyuta ikilala juu ya meza iliyonyooka na kuyumba kama kiti chenye mguu mfupi, shaka iongezeke. Betri ya namna hiyo haibonyezwi, haitobolewi, wala haichajiwi tena, kwa kuwa yaweza kuwaka moto. Mashine izimwe, iondolewe kwenye umeme, na kazi ya kuitoa betri aachiwe fundi mwenye uzoefu nayo. Mwanafunzi asiiguse.

Betri ikiwa salama, kifuniko kifunguliwe polepole kwa kukishika katikati ya ukingo wa juu, huku macho yakizitazama pembe mbili za chini. Kifuniko kizima husogea kama ubao mmoja. Kikijipinda, upande mmoja ukitangulia na mwingine ukichelewa, upande unaochelewa ndio wenye bawaba iliyokaza. Mara nyingi watu huulaumu upande uliopasuka peke yake na kuusahau mwenzake, kumbe huenda bawaba ya upande wa pili nayo imekaza na iko njiani kuleta hasara ile ile.

Kisha itazamwe pembe inaachana wakati gani, kwa sababu mwelekeo wa kani hujulikana kwa fikra tu. Kifuniko kinapofunguliwa, msuguano huuburuta mkono wa kitako ufuate mzunguko, hivyo ncha yake ya mbele husukumwa juu na ya nyuma husukumwa chini. Kinapofungwa, mambo huwa kinyume. Ndani ya kifuniko, mkono wa juu hubaki nyuma ya mwendo: wakati wa kufungua hujitenga na mgongo wa kifuniko na kusukuma fremu ya mbele ya kioo, na wakati wa kufunga husukuma mgongo. Basi, fremu ya mbele ikifumuka kwenye pembe ya chini wakati wa kufungua, vinundu vilivyong'oka vimo ndani ya mgongo wa kifuniko. Kitako kikiachana na fremu ya kioo ikatulia, ugonjwa uko chini. Kwa njia hii fundi hujua afungue sehemu ipi, na huokoa saa nzima ya kazi.

Sauti nazo hufundisha. Mlio mkali uliosikika mara moja ni plastiki kuvunjika. Mkwaruzo mfululizo ni washa zisizo na grisi. Mlio mfupi unaorudi katika pembe ile ile kila mara huonyesha kwamba mkono wa bawaba unaruka kutoka mahali pake, maana skrubu zimelegea au kinati kimetoka.

Mwisho yatazamwe matukio ya picha. Waya zinazopeleka picha kwenye kioo hupita kando ya bawaba, tena katika nafasi finyu. Picha ikitetemeka au kutoweka katika pembe fulani, kompyuta iunganishwe na projekta au kioo cha nje. Picha ya nje ikiwa imetulia huku ya ndani ikitetemeka, waya hizo zimebanwa au zimeanza kukatika. Hii ndiyo sababu ya kutongoja. Bawaba iliyolegezwa mapema humgharimu mwenye mashine muda wake tu. Akiendelea kuifungua mashine iliyopasuka, bawaba itakata waya, kisha itaupinda ukingo wa kioo mpaka kivunjike, na hapo gharama yaweza kuzidi thamani ya mashine yenyewe.

Ndani ya mashine

Mashine ikiwa imezimwa na haina umeme, skrubu za chini hufunguliwa. Kwa kuwa urefu wake hutofautiana, yafaa kuchora umbo la kitako juu ya karatasi na kuichomeka kila skrubu mahali pake kwenye mchoro huo. Skrubu ndefu ikirudishwa katika tundu la skrubu fupi hutoboa ganda la juu. Viungio vya plastiki huachanishwa kwa kadi ya zamani ya plastiki wala si kwa kisu. Kitu cha kwanza kufanywa baada ya kitako kufunguka ni kuchomoa kiunganishi cha betri, ili bisibisi ikidondoka isilete shoti.

Sasa bawaba huonekana. Zitolewe zote mbili, hata ile inayodhaniwa kuwa nzima, na zizungushwe kwa mkono moja baada ya nyingine. Ikiwa ni za namna ya nati, geuza nati robo mzunguko kinyume cha saa, zungusha bawaba mara kumi, kisha uilinganishe na mwenzake. Robo mzunguko yaonekana kuwa ni kitu kidogo, lakini hesi ya nati hizi ni laini na washa za springi ni ngumu, na nusu mzunguko wakati mwingine huifanya bawaba isishike kabisa. Ziendelee kurekebishwa mpaka zilingane. Zikiwa za namna ya ukanda, zipanguswe, zitiwe grisi kidogo sana, na zizungushwe mpaka grisi iingie. Zisipolegea, hapana dawa ila kununua nyingine. Mafuta ya kupikia na mafuta ya nazi yasitumiwe, kwa kuwa huganda na kunata. Grisi yoyote itakayotoka nje ifutwe isiifikie plastiki.

Kujenga upya mashiko

Bawaba zikishalingana, ndipo plastiki iangaliwe. Hali nyepesi kuliko zote ni ile ambayo kinundu ni kizima na kinati tu kimetoka. Kinati hurudishwa mahali pake, na ncha ya chuma cha kulehemu waya huwekwa juu yake kwa sekunde chache mpaka plastiki ilainike na kukipokea. Kisisukumwe kwa nguvu. Uzito wa chuma chenyewe karibu watosha. Kiachwe kipoe kabisa kabla ya kuguswa.

Kinundu kikiwa kimevunjika, wengi hukimbilia gundi ya haraka iuzwayo katika vichupa vidogo. Gundi hiyo hushika vema panapovutwa taratibu, lakini haivumilii mshtuko, na kwa kuwa ni nyepesi kama maji hutiririka mpaka ndani ya bawaba na kuigandisha, jambo ambalo huzidisha ugonjwa uliokuwapo. Iliyo bora ni epoksi, ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa kabla ya kutumiwa, na katika epoksi ichaguliwe inayokauka polepole. Sehemu zote mbili zikwaruzwe kwa msasa mpaka mng'ao utoke, zioshwe kwa sabuni na maji kidogo, zikaushwe. Skrubu zipakwe mafuta ya mgando kidogo zisije zikagandishwa na gundi. Kisha vinati, skrubu na mkono wa bawaba viunganishwe kwanza, na rundo hilo zima ndilo likalishwe katika epoksi, ili vinati vigande mahali ambapo bawaba yataka. Gundi isambazwe juu ya eneo pana la ganda kuzunguka kinundu, maana nguvu ya kiungo cha gundi hutegemea eneo lililoshikwa. Mashine iachwe wazi kwa saa 24.

Hapa panahitaji uangalifu wa pekee kuhusu mstari. Milango ya kale ya Unguja na Lamu haikufungwa kwa bawaba. Kila ubao ulizunguka juu ya ncha mbili za mviringo, moja juu na moja chini, zilizokaa ndani ya matundu ya fremu. Seremala alijua kwamba ncha hizo zisipokuwa katika mstari mmoja mlango ungekwama hata ukitiwa mafuta ya pipa zima. Bawaba mbili za kompyuta nazo zina mhimili mmoja. Ikiwa moja itagandishwa ikiwa imeinama hata kidogo, kila mzunguko utazikunja zote mbili, na kazi ya gundi itakuwa ya bure. Dawa yake ni kuifunga bawaba nzima mahali pake na kurudisha kifuniko kabla epoksi haijashika, kisha kukiacha katika pembe ya kawaida ya kusomea.

Kwa mashine za shule, zinazopita mikononi mwa wanafunzi wengi, mimi hupendelea njia isiyopendeza macho. Ganda hutobolewa kwa keekee nyembamba mkabala na tundu la mkono wa bawaba, hupitishwa boliti ndogo yenye kichwa bapa kutoka nje, na washa pana huwekwa chini ya kichwa hicho. Nguvu ya njia hii haitokani na ugumu wa boliti peke yake. Kinundu hung'olewa, lakini washa pana hulikandamiza ganda, nayo plastiki huvumilia kukandamizwa kuliko kuvutwa. Kabla ya kutoboa, fundi ahakikishe mara mbili kwamba upande wa pili hapana waya, betri wala bodi ya umeme, na chembe zote za plastiki zisafishwe. Kichwa cha boliti kitaonekana daima, na mwenye mashine aambiwe mapema.

Njia ya nne ni kubadilisha ganda zima. Maduka ya vipuri, kama yale ya Kariakoo, Dar es Salaam, huuza maganda yaliyotolewa katika mashine zilizokufa kwa sababu nyingine. Namba kamili ya muundo iliyoandikwa chini ya kitako ichukuliwe, kwa kuwa mashine mbili zenye jina moja huweza kutofautiana kwa milimita chache. Na ganda jipya lisifungwe kamwe kwenye bawaba ya zamani ambayo haijalegezwa.

Kipimo cha mizani ya springi

Kazi ikiisha, au hata kabla ya ugonjwa kuonekana, maabara ya fizikia ina kifaa kinachotosha kuipima bawaba: mizani ya springi isomekayo kwa nyutoni. Kifuniko kisimamishwe wima, ili uzito wake usiwe na momenti. Mwanafunzi mmoja akishike kitako kisisogee. Kitanzi cha uzi kipitishwe kwenye ukingo wa juu wa kifuniko, katikati, na mizani ivutwe polepole kuelekea nyuma, ikiwa imefanya pembe mraba na kifuniko. Kisomwe kiasi ambacho kifuniko huendelea kusogea, wala si kile cha mwanzo kabisa, maana msuguano wa kuanza huzidi msuguano wa mwendo. Kiasi hicho kikizidishwa kwa umbali kutoka mhimili, jibu ni momenti ya bawaba zote mbili.

Katika mashine ya mfano wetu, nyutoni 3 kwa mita 0.22 hutoa 0.66, na nyutoni 7.6 hutoa karibu 1.68. Kwa hiyo mizani ikionyesha kati ya nyutoni 3 na 7, bawaba ni nzima. Ikionyesha chini ya 3, kifuniko kitateleza kikiachwa karibu na kufungwa, nayo nati yahitaji kukazwa kidogo wakati wa nafasi. Kipimo kirudiwe kwa kuvuta karibu na pembe ya kulia, kisha ya kushoto. Tofauti kubwa kati ya pembe hizo yaonyesha bawaba zisizolingana. Matokeo yaandikwe katika daftari kwa namba ya kila kompyuta, muhula hata muhula. Mashine ambayo muhula uliopita ilionyesha nyutoni 5 na sasa yaonyesha 8 bado haina ufa wowote, na mwanafunzi anayeitumia atasema ni nzima. Hiyo ndiyo ya kufunguliwa wiki hiyo hiyo, wakati robo mzunguko wa nati ungali unatosha.